Dhamana ya Hesabu

Mnunuzi wa jahazi humwuliza fundi mambo mawili: mbao zake ni za mti gani, na bahari litakayoikabili ni ipi. Fundi mwaminifu hujibu kwa mipaka. Husema, jahazi hili nimeliunda kwa safari za pwani, baina ya bandari na bandari. Nahodha akilielekeza katika bahari kuu wakati wa kusi, mimi simo. Tangu hapo dhamana ya jahazi humtoka fundi ikamwangukia nahodha. Jahazi lenyewe halina habari ya mapatano hayo. Litaelea au litazama kwa kadiri ya mbao zake na nguvu ya mawimbi.

Nataka, msomaji, tuitazame historia ya chombo cha namna nyingine, ambacho nacho huundwa kwa bahari moja kisha kikasafirishwa katika bahari nyingine. Chombo hicho ni programu ya kompyuta ambayo wahandisi huitumia kupima daraja, ndege au bwawa kabla havijajengwa. Ni historia ya watu wachache kuliko historia ya wafalme na vita, lakini kila apandaye ndege au avukaye daraja ameyaweka maisha yake mikononi mwa hesabu za namna hii, ajue au asijue.

Zamani mhandisi aliyetaka kujua kama daraja litauhimili mzigo wake alikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kukokotoa kwa kalamu na karatasi, akiongeza chuma kidogo hapa na saruji kidogo pale ili kujikinga na yale asiyoweza kuyakokotoa. Njia ya pili ni kuunda mfano mdogo na kuulemeza mpaka uvunjike. Kompyuta ilileta njia ya tatu. Umbo la daraja hugawanywa katika maelfu ya vipande vidogo. Kila kipande huandikiwa milinganyo yake ya nguvu na mnyumbuko. Kisha milinganyo yote hufumbuliwa kwa pamoja. Daraja hulemewa na kuvunjika ndani ya hesabu, pasipo mtu kufa wala chuma kupotea. Kazi hii huitwa uigaji, maana hesabu huiga tabia ya kitu chenyewe.

Programu ya uigaji haikai hewani. Hukaa juu ya mashine, na baina yake na mashine umo mfumo wa uendeshaji, ndiyo programu kuu inayoisimamia mashine na kuzigawia programu nyingine nafasi na zamu. Mwundaji wa programu huijaribu juu ya mashine kadhaa na mifumo kadhaa, kisha hutoa orodha: juu ya hizi nimeijaribu, na ikikosea nitajibu. Nje ya orodha hiyo hakuna dhamana. Hapo ndipo mgogoro unapoanza, kwa kuwa umri wa mashine na umri wa programu haulingani. Mashine huzeeka kwa miaka michache, na kiwanda chake chaweza kufungwa. Programu njema ya uhandisi huweza kuishi nusu karne. Basi hapana budi programu ihame. Ikihamia mahali ambapo mwundaji wake hakuahidi neno, je, jibu lake ni la kuaminiwa? Na nani atakayelidhamini?

Swali hili lina umri sawa na lugha ya Fortran. Kabla ya mwaka 1957 programu iliandikwa kwa maagizo ya mashine moja tu, nayo ilikufa pamoja na mashine hiyo. Katika mwaka huo John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM, nchini Marekani, walitoa lugha ya Fortran kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa IBM 704. Mhandisi aliweza sasa kuandika hesabu yake kwa namna iliyofanana na milinganyo ya kitabuni, na programu nyingine ikaifasiri kwa lugha ya mashine. Ilipofika mashine mpya, fasiri mpya ilitosha. Ndivyo watu walivyodhani.

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza jamii mpya ya kompyuta, System/360. Kabla ya hapo aina mbalimbali za kompyuta za kampuni ile ile hazikuelewana. Programu ya moja ilikuwa takataka kwa nyingine. Jamii mpya ilikusudiwa kuondoa fitina hiyo, lakini wateja waliuliza swali la haki: na programu zetu za zamani, tulizoziandika kwa miaka mingi, tuzitupe? Jibu la IBM lilikuwa la werevu mwingi. Ndani ya mashine mpya walitia maagizo ya siri yaliyoiwezesha kuzitii amri za mashine za zamani. Kompyuta ndogo ya jamii hiyo, Model 30, iliweza kujifanya IBM 1401; kubwa, Model 65, iliweza kujifanya mashine za jamii ya 7090 zilizopendwa na wahandisi. Chombo cha kujifanya hivi kiliitwa emuleta, na jina hilo limedumu hata leo. Zilikuwako ofisi ambazo mashine yao mpya yenye fahari ilishinda siku nzima ikijifanya mzee.

Waliochagua njia ya pili, yaani kuiacha emuleta na kuzifasiri upya programu zao za Fortran, walikutana na jambo ambalo hawakulitazamia. Programu ilikubali, ilikwenda, ilitoa jibu. Lakini jibu lilitofautiana na lile la jana.

Sababu yake, msomaji, yafaa uielewe vizuri, kwa kuwa ndiyo mzizi wa habari yote. Kompyuta haina karatasi isiyo na mwisho. Kila namba hutiwa katika kisanduku chenye nafasi maalumu, na nafasi hizo huitwa biti. Kisanduku cha mashine ya 7094 kilikuwa na biti 36, na 27 kati yake zilibeba tarakimu za namba, ambazo ni sawa na tarakimu 8 hivi za desimali. Kisanduku cha kawaida cha System/360 kilikuwa na biti 32. Tarakimu zilibebwa na biti 24, nazo ziliwekwa kwa mafungu ya kumi na sita kwa namna iliyopoteza nyingine, hata mara nyingine tarakimu za kuaminika zilikuwa 6 tu. Sasa toa 1.000233 katika 1.000234. Mwenye nafasi ya tarakimu saba atapata 0.000001. Mwenye nafasi ya tarakimu sita huziona namba zote mbili kuwa 1.00023, na tofauti yake kwake ni sifuri. Katika uigaji wa daraja kutoa kwa namna hii hufanyika mara nyingi mno, na kosa la mwanzo hurithiwa na kila hesabu inayofuata. Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Na wahandisi wa miaka ile walikiona kidonda hicho katika mashine yenye kasi kuliko zote walizowahi kumiliki.

Dawa ilikuwa kutumia kisanduku maradufu, chenye biti 64. Hata hicho kilikuwa na kasoro: palikosekana tarakimu moja ya akiba ya kushikilia mabaki wakati wa kukokotoa, hata kuzidisha namba kwa 1 kuliweza kuibadilisha tarakimu yake ya mwisho. Watumiaji walilalamika. Walikuwa na chama chao kiitwacho SHARE, kilichoanzishwa mwaka 1955 na wenye kompyuta za IBM, wengi wao wakiwa watu wa viwanda vya ndege. Kabla ya muongo ule kwisha IBM ilikubali kuzitengeneza mashine zilizokwisha kuuzwa, moja baada ya moja, ili tarakimu hiyo ya akiba iwemo. Hayo yote yalipatikana kwa sababu watu wachache hawakuridhika kuambiwa kwamba programu inakwenda. Walitaka kujua kama inakwenda sawasawa.

Wakati huo huo shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na shida yake. Mwaka 1964 lilitambua kuwa kila kituo chake kilikuwa kikiunda programu yake ya kupima nguvu za vyombo, na hakuna kilichoweza kutumia ya mwenzake. Likaamua kuunda programu moja kwa wote, chini ya usimamizi wa kituo cha Goddard kilichoko Maryland. Kazi hiyo walipewa mwaka 1965 kampuni ya Computer Sciences Corporation pamoja na wenziwe, miongoni mwao kampuni ndogo iliyoundwa mwaka 1963 na Richard MacNeal na Robert Schwendler. Programu hiyo iliitwa NASTRAN.

Wajenzi wa NASTRAN walikuwa wameliona somo la miaka ile. Hawakuiundia mashine moja. Tangu awali ilikusudiwa kukaa juu ya System/360 yenye kisanduku cha biti 32, juu ya UNIVAC 1108 yenye biti 36, na juu ya CDC 6600 yenye biti 60. Sehemu kubwa iliandikwa kwa Fortran ya kawaida, na sehemu chache zilizofungamana na mashine zikatengwa, ili mwenye kuihamisha ajue pa kugusa na pasipo ruhusa ya kugusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilitolewa kwa umma. Ikaenea katika viwanda vya ndege, vya magari na vya meli, na kampuni ya MacNeal ikauza toleo lake yenyewe.

Tazama sasa jinsi umri wa programu unavyopita umri wa nyumba zake. Mashine zile tatu zimo katika majumba ya makumbusho. NASTRAN ilizihama ikaenda kwa mashine za VAX, kisha kwa kompyuta za Unix. Katika miaka ya 2010 NASA iliuweka hadharani mwandiko wote wa toleo lake la mwaka 1995, na watu wa kujitolea wakauhariri mpaka ukakubali kompyuta za kawaida za mezani, ambazo wajenzi wa miaka ya 1960 hawakuziota ndotoni. Hakuna aliyewadhamini watu hao. Walichokuwa nacho ni mifano ya zamani ya programu ile, ambayo majibu yake yalijulikana. Wakiipata tarakimu ile ile, walipiga hatua. Wakiikosa, walirudi nyuma kutafuta.

Mambo mawili ya miaka ya 1980 yaliifanya safari ya namna hii kuwa salama zaidi. La kwanza ni mapatano juu ya kisanduku cha namba. Mwanahisabati William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alishirikiana na wenziwe tangu mwaka 1977 kutunga kanuni moja ya jinsi kila kompyuta inavyopaswa kuiweka namba, kuikata na kuikokotoa. Kanuni hiyo ilipitishwa mwaka 1985 kwa jina la IEEE 754, na Kahan alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na pishi yake na kibaba chake. Baada ya hapo soko likapata kipimo kimoja.

La pili ni mitihani ya wazi. Mwaka 1983 iliundwa huko Uingereza jumuiya ya NAFEMS, iliyoanza kutangaza matatizo ya mfano yenye majibu yaliyokwisha kuhakikishwa, ili yeyote mwenye programu aweze kuijaribu. Mwaka 1985 MacNeal, pamoja na Robert Harder, alitangaza mkusanyo wa mitihani ya jinsi hiyo, mfano boriti iliyopinda au paa lenye mgongo wa mviringo. Mtihani wa namna hii haujali ni mashine gani iliyoufanya. Ama jibu ni karibu na jibu la kweli, ama sivyo. Hivyo dhamana, ambayo zamani ilitoka kinywani mwa muuzaji peke yake, ikaweza kutafutwa na mnunuzi kwa juhudi yake mwenyewe.

Hapa msomaji aweza kuuliza: je, mashine iliyodhaminiwa inatosha basi? Nchi ya Norway ina jibu la kusikitisha. Mwaka 1991 wajenzi wa huko waliunda kitako cha zege cha jukwaa la kuchimbia gesi, lililoitwa Sleipner A, cha kusimama katika Bahari ya Kaskazini mahali penye kina cha meta 82. Kilikuwa na vyumba 24 vya zege vilivyoshikamana kama masega ya nyuki. Nguvu za kuta zake zilikuwa zimepimwa kwa NASTRAN. Tarehe 23 Agosti 1991, kilipokuwa kikizamishwa polepole katika ghuba karibu na mji wa Stavanger ili kijaribiwe, ukuta mmoja ulipasuka. Pampu hazikuweza kushindana na maji. Kitako chote kilizama na kuvunjikavunjika katika vilindi, na mshindo wake ukapimwa na mitambo ya tetemeko la ardhi. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700.

Uchunguzi haukuilaumu mashine wala programu. Waliofanya hesabu walikuwa wamekigawa kitako katika vipande vikubwa mno, na vyenye umbo baya, mahali ambapo kuta tatu zilikutana. Hesabu ikaonyesha nguvu ya mkato iliyopungua asilimia 47 kuliko ile ya kweli. Kuta zikajengwa nyembamba, na chuma kikawa kifupi. Hesabu ya uangalifu iliyofanywa baada ya ajali ilisema ukuta ungepasuka katika kina cha meta 62. Kwa kweli ulipasuka katika meta 65. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hiki hakikuelea kwa sababu tarakimu moja haikuulizwa swali. Kitako cha pili kilihitajiwa upesi, na wahandisi hawakuweza kungoja mpaka hesabu za kompyuta zipate kuaminika tena. Wakaanza kukisanifu kwa hesabu za mkono, za zama za kabla ya kompyuta. Kikasimama baharini mwaka 1993.

Nimeisimulia ajali hii kwa sababu inatuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Ikiwa jibu linaweza kudanganya katika nyumba yake halali, hali itakuwaje katika nyumba ya ugeni? Kosa la Sleipner lilikuwa la mtu, na mtu huenda na programu popote inapohamia. Mashine isiyo na dhamana haiondoi makosa ya zamani; huongeza mlango mmoja wa makosa mapya.

Mlango huo ulionekana wazi miaka ileile. Kompyuta za VAX, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Digital mwaka 1977, zilikuwa kipenzi cha wahandisi wa dunia nzima. Mwaka 1992 Digital ilileta mashine mpya, Alpha, pamoja na mfasiri aliyeweza kuichukua programu ya VAX iliyokwisha kukamilika, hata kama mwandiko wake wa asili umepotea, na kuigeuza ikubaliane na Alpha. Lakini namna moja ya namba za VAX ilikuwa na biti 56 za tarakimu, na moyo wa Alpha uliweza 53 tu kwa kasi. Mwenye programu akapewa hiari: akubali biti 53 apate mwendo, au adai biti zote 56 apate ukweli ule ule wa zamani kwa mwendo wa kobe. Sifa ya mafundi wale ni kwamba walimwambia mteja waziwazi analolipoteza. Msafiri apewaye hiari na habari zake hana wa kumlaumu. Msafiri asiyeambiwa ndiye anayezama.

Nao watumiaji walijifundisha kujisaidia. Mfumo huria wa FreeBSD ulipata uwezo wa kuzipokea programu zilizoundwa kwa mfumo wa Linux, na kwa miaka kadhaa kitabu chake cha maelekezo kilikuwa na sehemu za kueleza jinsi ya kutia ndani yake programu za hesabu kama Mathematica, Maple na MATLAB, ambazo ziliundwa kwa Linux. Bob Supnik, aliyewahi kuwa mkuu katika kampuni ya Digital, alianza mwaka 1993 kuandika emuleta iitwayo SIMH, iliyozifufua mashine nyingi za kale ndani ya kompyuta za sasa, hata VAX yenyewe. Kampuni ikafa, kiwanda kikafungwa, lakini programu za VAX zikapata makao.

Ushahidi ulio bora kuliko wote ulipatikana mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, katika maabara ya CERN. Huko walikuwa wakijenga mtambo wa LHC, pete yenye mzingo wa kilometa 27 iliyochimbwa chini ya ardhi, ambamo chembe zingezunguka kwa mwendo unaokaribia mwendo wa nuru. Wahandisi walitaka kujua kama chembe zitabaki njiani au zitapotoka na kuzigonga kuta. Programu iliyoiga safari hiyo iliitwa SixTrack. Ilizichukua chembe 60 kwa mara moja na kuzizungusha mara 100,000 au zaidi. Kazi ilikuwa kubwa kuliko mashine walizokuwa nazo. Mwaka 2004 wakawaomba watu wa dunia nzima wazitoe kompyuta zao za nyumbani kwa kazi hiyo wakati zinapokuwa hazitumiki, na mpango huo ukaitwa LHC@home.

Fikiri, msomaji, ni mashine za namna gani zilizojitokeza. Zilikuwa mpya na kuukuu, za viwanda mbalimbali, zenye mifumo mbalimbali ya uendeshaji, na wenyewe hawakujulikana. Hakuna aliyeweza kuzidhamini. Basi CERN walifanya jambo la busara: kazi ile ile moja waliipeleka kwa kompyuta zaidi ya moja, kisha wakayalinganisha majibu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali! Majibu mengine hayakulingana, ijapokuwa kila mashine ilifuata mapatano ya mwaka 1985. Chanzo kilikuwa kidogo ajabu. Mapatano yale yalikuwa yameamuru kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, lakini hayakuamuru namna ya kukata tarakimu ya mwisho katika sini, kosini, logi na jamaa zake. Kila kiwanda kilikata kivyake. Tofauti katika tarakimu ya mwisho, ikizungushwa mara 100,000, ilitosha kuifanya chembe ibaki njiani katika kompyuta moja na kupotea katika nyingine.

Wanahisabati wa chuo cha École Normale Supérieure cha Lyon, Ufaransa, walikuwa wameunda mkusanyo wa sini na kosini zinazokatwa kwa njia moja sahihi kila mahali. SixTrack ilipopewa mkusanyo huo, na maagizo yake yakafasiriwa kwa uangalifu, kompyuta za wageni zikatoa jibu moja, tarakimu kwa tarakimu. Mashine zisizo na dhamana zikafanya kazi ya dhamana, kwa kuwa watu walikuwa wamebuni njia ya kuwatambua mashahidi wasemao kweli.

Siku zetu mambo haya hayakukoma. Mwaka 2020 kampuni ya Apple ilianza kuuza kompyuta zenye moyo wa namna mpya, zikiwa na mfasiri aitwaye Rosetta 2 wa kuzipokea programu za moyo wa zamani. Programu nyingi zilikwenda vizuri. Lakini zile zilizodai aina fulani ya maagizo ya kasi ya kukokotoa namba nyingi kwa pamoja zilikataa, mpaka maagizo hayo yalipoongezwa mwaka 2024. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa bure wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na kompyuta nyingi sana zenye afya njema zikaingia katika kundi la wasio na mdhamini kwa usiku mmoja. Chuma hakikuchakaa usiku ule. Ni ahadi iliyokwisha.

Na wewe, msomaji wa Kenya, huenda utajifunza uhandisi juu ya kompyuta ya mtumba, iliyokwisha kutumika mahali pengine, na ambayo haimo katika orodha ya mwundaji yeyote. Usione aibu. Watu tuliowataja katika insha hii walifanya kazi kubwa juu ya mashine za jinsi hiyo. Bali shika mambo manne ambayo historia yao inatufundisha. Kwanza, kabla ya kuipa programu swali usilolijua jibu lake, ipe swali unalolijua. Boriti rahisi uliyoikokotoa kwa mkono wako ni hakimu asiyepokea rushwa. Pili, jibu kubwa litafute kwa mashine mbili zilizo tofauti, na zikigombana usichague jibu unalolipenda, tafuta sababu. Tatu, andika daftarini umetumia mashine gani, mfumo gani na toleo gani la programu, ili atakayekuja baada yako aweze kuufuata mwendo wako. Nne, mfumo usiotengenezwa tena na mwenyewe usiuunganishe na mtandao ovyo, maana wezi huzijua nyufa zake. Wala usivunje masharti ya mwenye programu kwa kisingizio cha umaskini, kwa kuwa programu huria zipo tele.

Yuko mtu atakayesema kwamba tahadhari hizi ni mzigo, na kwamba programu ikikubali kwenda imekwisha kujithibitisha. Maneno hayo yangaliweza kusemwa juu ya kitako cha Sleipner siku moja kabla hakijazama. Kwenda ni jambo moja na kwenda sawasawa ni jambo jingine, na baina ya mambo hayo mawili ndipo ulipo uhandisi wote. Orodha ya muuzaji hutuambia ni nani wa kudaiwa hesabu ikikosea. Haituambii kama hesabu imekosea. Hilo la pili halina mdhamini ila mtu yule aliyekaa mbele ya mashine, iwe mpya au kuukuu, mwenye kalamu mkononi na nia ya kuuliza. Apitaye juu ya daraja hataona jina la kompyuta iliyolipima, wala hatauliza kama ilikuwa na dhamana. Atapita tu, na mtoto wake mgongoni, akiwa amemwamini mtu asiyemjua.